Jua la Ghorofa ya Juu, Jani la Ghorofa ya Chini

Mananasi mawili yametoka mkokoteni mmoja. Vishungi vyake vimekatwa siku moja na kupandwa kwenye mikebe miwili ya mafuta ya kupikia, iliyotobolewa chini ili maji yapite. Mkebe mmoja unapandishwa hadi paani, penye matangi ya maji na kamba za nguo. Wa pili unabaki mlangoni, ghorofa ya chini, ploti ileile ya mtaa wa Pipeline, Nairobi. Baada ya mwaka mmoja, mtu asiyejua habari atakuapia kwamba hii ni mimea ya aina mbili. Wa paani ni mfupi na umekakamaa, majani yake mazito yana wekundu wa shaba. Wa mlangoni una majani marefu, laini, ya kijani kilichokoza, na ukiyashika yanakubali mkono. Udongo ulikuwa mmoja na maji yalitoka mtungi mmoja. Kilichotofautiana ni mwanga.

Nanasi ni bromelia. Jambo hili huwashangaza hata wateja wa vitalu vya kando ya barabara ya Kangundo, wanaolipa pesa nzuri kwa bromelia yenye ua jekundu ilhali kishungi cha ndugu yake wamekitupa jaani asubuhi hiyo. Jamii hii ina spishi zaidi ya 3,000, na karibu zote asili yake ni Amerika, kuanzia jangwa la pwani ya Peru hadi misitu ya mvua ya Brazili. Afrika ilibahatika kupata moja tu, Pitcairnia feliciana, inayoota kwenye miamba ya Fouta Djallon nchini Guinea. Nyingine zote zililetwa na watu. Nanasi lilitangulia kwa karne kadhaa. Guzmania, Neoregelia, Aechmea na Tillandsia zimekuja juzijuzi kupamba sebule, na muuzaji wa Nairobi huziita zote bromelia na kuzipanga pamoja chini ya neti moja ya kivuli.

Hapo ndipo matatizo ya mnunuzi yanapoanzia, maana mimea hiyo iliyokaa bega kwa bega kitaluni haitaki mwanga mmoja. Inapofika nyumbani Umoja au Kayole na kuanza kudhoofika, mshtakiwa wa kwanza huwa ni maji. Nilimwagilia kila siku, mteja atasema. Au: labda nilisahau wiki moja. Ni mara chache mtu ataulizwa kama dirisha lake linatazama wapi, na jengo la jirani liko umbali gani. Kwa Eastlands ya leo, mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi, swali hilo la pili lina uzito kuliko la kwanza. Bromelia nyingi zimeumbwa kustahimili kiu. Njaa ya mwanga ndiyo huziua polepole, na kabla ya kuziua hubadili umbo la kila jani jipya.

Aliyeuliza swali la mwanga vizuri kuliko wote hakuwa mtunza maua. Miaka ya 1940, Colin Pittendrigh, mwanabiolojia kijana kutoka Uingereza, alikuwa Trinidad akipambana na malaria. Kisiwa kilikuwa na kisa cha ajabu. Mbu waliokuwa wakieneza ugonjwa, Anopheles bellator, hawakuzaliana madimbwini. Walizaliana juu ya miti, katika maji yanayotuama katikati ya majani ya bromelia. Wakulima wa kakao walikuwa wamepanda miti mirefu ya kuikinga mikakao yao dhidi ya jua, bromelia zikajaa kwenye matawi ya miti hiyo, na mbu wakapata mazalio juu ya vichwa vya wafanyakazi. Bromelia zikang'olewa kwa mikono na kunyunyiziwa salfeti ya shaba. Lakini ili kujua mbu wako wapi, ilibidi Pittendrigh ajue kwanza ni bromelia gani hukaa sehemu gani ya mti, na kwa nini.

Makala yake ya mwaka 1948 ilizigawa bromelia za Trinidad katika makundi matatu. Kundi la kwanza hukaa kileleni na kwenye matawi ya nje, wazi kabisa kwa jua na upepo. La pili linataka jua lakini hukaa ndani kidogo, pale mwanga unapochujwa na majani ya mti wenyewe. La tatu huvumilia kivuli cha chini. Mti ule ulikuwa ni ploti ya Pipeline tu: wapangaji wa juu, wa kati na wa chini, kila mmoja na mwanga wake. Na Pittendrigh alisisitiza jambo ambalo wauzaji wa maua bado hawajalisikia, kwamba kundi la tatu halikipendi kivuli. Linakistahimili, kwa sababu chini ya mti kuna unyevu ambao kileleni haupo. Yeye mwenyewe aliachana na mbu baadaye, akawa mmoja wa waasisi wa elimu ya saa za ndani za viumbe, ile inayoeleza kwa nini mwili hujua usiku umeingia hata bila kuchungulia dirishani.

Ukilikata jani la kila mpangaji na kulitazama kwa darubini, unaona tofauti zilizoanza kwa mwanga.

Jua la adhuhuri huleta nguvu nyingi kuliko jani linavyoweza kutumia. Ziada hiyo ina madhara. Huharibu mitambo midogo ya kijani inayotengeneza chakula. Kwa hiyo jani linalokulia juani hujikinga tangu likiwa changa. Hupunguza umbijani na kuongeza rangi za kinga, za manjano na nyekundu. Wekundu wa nanasi la paani ni kinga hiyo, wala si ugonjwa, na anayekimbilia kuutibu kwa mbolea anapoteza pesa. Ngozi ya nje hupata utando mzito wa nta. Chini ya ngozi ya juu ya jani la nanasi kuna tabaka la seli kubwa zisizo na rangi, ambazo kazi yake ni kuweka maji. Mvua ikikawia, nanasi huishi kwa akiba hiyo, na unene wa tabaka hilo hupungua kadiri linavyotumika.

Kisha kuna magamba. Jani la bromelia limefunikwa na magamba madogo mno, mengine huonekana tu kama vumbi jeupe. Kwenye Tillandsia ni mengi kiasi kwamba mmea mzima unakuwa wa kijivu. Magamba hayo hunyonya maji ya mvua na ukungu, na yakiwa makavu hurudisha sehemu ya mwanga uliokuja. Ile mistari ya fedha kwenye jani la Aechmea fasciata, inayowavutia wanunuzi, ni magamba matupu. Hapa niseme neno kwa wale wanaopangusa majani kwa maziwa au mafuta ili yang'ae: kwa bromelia mnafuta kile mlichonunua.

Umbo la mmea mzima nalo hufuata jua. Billbergia, ambayo huonekana katika bustani za zamani za Nairobi, ikikaa juani hujikunja na kusimama wima, ili jua la saa sita liyapate majani kwa ubavu badala ya kuyapiga usoni. Ikiwekwa kivulini hufunguka na kulaza majani yake nje, kila jani likitafuta nafasi yake bila kumfunika mwenziwe.

Jani la kivulini hujengwa kwa bajeti nyingine kabisa. Halina haja ya nta nzito wala akiba kubwa ya maji, na gharama ya kujenga unene hailipi pale ambapo mwanga ni haba. Kwa hiyo hutoka jembamba kwa unene, refu, limejaa umbijani, ndiyo maana kijani chake hukoza. Watu wengi hukipenda kijani hicho na kudhani ni afya. Kwa Guzmania ni kweli mara nyingi. Kwa nanasi ni dalili kwamba mmea unakusanya kila chembe ya mwanga kwa sababu hazitoshi.

Nanasi lina tatizo la ziada. Kama mimea mingi ya sehemu kavu, hufungua vitundu vya hewa vya majani yake usiku badala ya mchana, ili lisipoteze maji. Usiku hukusanya kaboni dioksaidi na kuihifadhi ndani ya seli ikiwa asidi. Mchana hufunga vitundu na kuigeuza asidi ile kuwa sukari kwa nguvu ya jua. Utaratibu huu ni mzuri sana paani. Chini ya ngazi za ghorofa ya chini hauna maana, kwa sababu mwanga unaohitajika kuitumia hazina ya usiku haufiki. Guzmania nyingi hazifanyi hivyo. Hufungua vitundu mchana kama mahindi na sukuma wiki, hutegemea unyevu, na majani yake laini yasiyo na miiba huungua upesi zikipandishwa juu.

Wauzaji wazoefu wanayo kanuni isiyo na darubini: jani gumu, la kijivu au lenye miiba, lipeleke juani; jani laini la kijani, lifiche. Kanuni hiyo hukosea mara chache.

Sasa tuitazame ploti yenyewe. Eastlands haikuanza ikiwa na giza. Kaloleni, mtaa wa baraza la jiji wa miaka ya 1940, ulipangwa kwa mtindo wa mji-bustani: nyumba za chini, nyasi katikati, miti. Maringo na Jericho zilifuata zikiwa na nafasi ya mtu kuotesha mchicha mbele ya mlango. Buruburu ya miaka ya 1970 ilimpa kila mwenye nyumba kiua chake. Dandora ilianza muongo huohuo kwa mradi wa Benki ya Dunia, viwanja vilivyopimwa ambavyo mtu angejijengea mwenyewe kidogo kidogo. Viwanja vya namna hiyo ndivyo leo vimebeba ghorofa sita, saba, nane. Huruma, Pipeline na Tassia zilijengwa juu moja kwa moja, ukuta kwa ukuta, na dirisha la mpangaji hufunguka likatazamana na dirisha la mpangaji mwingine.

Marie Huchzermeyer, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, alichapisha kitabu mwaka 2011 kikizilinganisha ploti za Nairobi na majumba ya kupangisha ya Berlin ya karne ya 19. Berlin nako ndani kulikuwa na giza. Sheria ya ujenzi ya mwaka 1853 ilitaka ua wa ndani usipungue mita 5.34 kwa 5.34, kipimo kilichotokana na nafasi iliyohitajika kugeuzia pampu ya zimamoto. Jua halikuwamo kwenye hesabu.

Hesabu ya Eastlands mtu anaweza kuifanya kwa kalamu. Chukua kichochoro cha mita 6 kati ya majengo mawili yenye urefu wa mita 20. Ili mwale wa jua ukanyage chini, lazima jua lipande hadi nyuzi 73 hivi juu ya upeo. Nairobi iko nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Baada ya Machi, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Baada ya Septemba huhamia kusini. Mwishoni mwa Juni halipandi zaidi ya nyuzi 65, na mwishoni mwa Desemba huishia 68. Kama kichochoro kinatoka mashariki kwenda magharibi, maana yake ni kwamba Juni na Julai, na tena Desemba, jua halifiki sakafuni hata dakika moja, isipokuwa pale kinapoishia. Kama kinatoka kaskazini kwenda kusini, hupata jua mwaka mzima, lakini kwa saa mbili na kitu tu kwa siku, kabla na baada ya saa sita na nusu, ambayo ndiyo adhuhuri halisi ya Nairobi. Mmea ulio kichochoro cha kwanza na ulio cha pili, ghorofa moja, mita chache baina yao, huota majani tofauti.

Roshani nazo zina siasa zake. Vitabu vya bustani vilivyoandikwa Uingereza humwambia msomaji atafute dirisha la kusini. Vya Afrika Kusini humwelekeza kaskazini. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, na mtu angedhani pande zote mbili ni sawa. Jua lingekuwa peke yake zingekuwa sawa. Lakini roshani inayotazama kaskazini hupata zamu yake ya jua kuanzia Aprili hadi Septemba, na katikati ya miezi hiyo kuna Juni, Julai na Agosti, wakati Nairobi imejifunika mawingu na watu wametoa masweta. Inayotazama kusini hupata zamu yake kuanzia Oktoba hadi Machi, na Januari na Februari ndiyo miezi ya anga angavu. Kwa hiyo, ingawa ramani haikupendelea, mawingu yamependelea. Ukiwa na hiari, na wapangaji wachache wanayo, chagua kusini.

Hata hivyo jua la kusini huja kutoka juu sana. Roshani yenye dari ya saruji iliyo mita 2.7 juu ya sakafu, jua la Desemba la adhuhuri huingia ndani mita moja hivi na kuishia hapo. Chungu kilichosukumwa ukutani ili kisiwasumbue watoto hakipati kitu. Roshani za mashariki na magharibi ndizo zenye jua linaloingia mpaka ndani mwaka mzima, mradi jirani hajajenga. Ya mashariki hupata jua pole la asubuhi, linalozifaa Guzmania na Vriesea, ila asubuhi za Julai hufunikwa na wingu zito ambalo mara nyingi hutawanyika saa tano au sita. Ya magharibi ndiyo hufaidika wingu likishaondoka, lakini kwa Februari inaweza kuunguza.

Jicho haliwezi kuamua haya. Jua la mchana wa wazi hufikia laksi 100,000. Karibu na dirisha zuri hubaki elfu chache. Katika korido ya ploti ambapo taa ya stima huwaka mchana kutwa, hazifiki hata 200. Mboni ya jicho hupanuka na mtu akasoma gazeti bila taabu, akasema nyumba ina mwanga wa kutosha. Simu nyingi za mkononi zina kihisi cha mwanga, na kuna programu za bure za kukisoma. Pima saa nne asubuhi na saa tisa alasiri pale unapotaka kuweka chungu, na utajua zaidi kuliko kitabu kitakavyokuambia.

Kivuli cha ukuta, tena, si sawa na kivuli cha mti ambacho bromelia za Trinidad zilikizoea. Majani ya mti hunyonya mwanga mwekundu na kuuachilia ule mwekundu wa mbali, ambao macho yetu hayauoni vizuri. Mmea ulio chini husoma uwiano huo na kutambua kwamba jirani ameukalia, ukaanza kurefuka ili umpite. Ukuta wa saruji hauchagui. Hupunguza kila kitu. Mmea wa kichochoroni haupati habari ya jirani, unapata njaa tu, na urefu wa majani yake ni wa njaa. Ndivyo ilivyo pia kwa sukuma wiki za kwenye magunia: vikonyo virefu, majani mepesi, na ladha imepooza. Jambo moja ambalo ukuta unaweza kufanya na mti hauwezi ni kurudisha mwanga. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe nyuma ya chungu huongeza mwanga kwa kiasi ambacho mpangaji ataona tofauti. Uliopakwa kahawia ya mafuta ili usionyeshe uchafu humeza karibu wote.

Jani likishakomaa, umbo lake ndilo hilo. Haliongezi tabaka wala halipunguzi urefu kwa sababu umelihamisha. Linaweza kurekebisha kidogo kiasi cha umbijani na rangi za kinga, lakini unene na mpangilio wa seli uliamuliwa likiwa changa. Na si jani lenyewe peke yake lililoamua. Mwaka 2001, watafiti wa Japani, Yano na Terashima, walifanya jaribio la werevu kwa gugu la Chenopodium album. Walitia kivuli majani yaliyokomaa huku wakiacha kichipukizi juani, kisha wakafanya kinyume. Idadi ya tabaka za seli ndefu katika majani mapya ilifuata mwanga uliopata majani makubwa, si mwanga uliopata kichipukizi chenyewe. Majani ya zamani, kwa njia fulani, hupeleka habari kwa wadogo wao juu ya hali ya huko nje, na wadogo hujengwa kwa habari hiyo.

Bromelia si gugu lile, na majani yake yamepangwa kwa namna nyingine, lakini umbo lake hurahisisha kusoma historia. Hukua kutoka katikati, kwa hiyo majani ya nje kabisa ndiyo ya zamani na ya ndani ndiyo mapya. Mmea ulionunuliwa kitaluni, ukakaa miezi sita sebuleni Donholm, kisha ukatolewa roshanini, huwa na makundi matatu ya majani: mafupi ya kitalu nje, marefu ya sebule katikati, na mafupi tena ndani. Mtu anayetaka kununua mmea wa mitumba kutoka kwa jirani anayehama anaweza kuutazama tu na kujua ulivyoishi.

Hii ndiyo sababu mmea wa jua ukiingizwa gizani hudanganya. Kwa miezi kadhaa huonekana mzima, ukiishi kwa majani iliyoyajenga kitaluni. Mwenyewe husema unapenda hapo. Halafu majani ya katikati huanza kutoka marefu na dhaifu, na wakati huo watu ndipo hukumbuka maji. Kinyume chake hakidanganyi: mmea wa kivulini ukipandishwa paani siku moja hupata mabaka meupe, kisha ya kahawia, ndani ya siku chache, na mabaka hayo hayaondoki. Kuuzoesha ni kazi ya wiki kadhaa. Wiki ya kwanza jua la asubuhi tu, saa moja au mbili. Kisha zaidi kidogo, hadi majani mapya yaanze kutoka yakiwa yamejengwa kwa ajili ya mahali papya. Wakulima wa mananasi wa Thika hawana shida hiyo, maana vishungi na machipukizi yao huzaliwa na kufa juani.

Kifo kimoja, hata hivyo, hakitokani na mwanga wala maji. Guzmania inayouzwa ikiwa na ua lake jekundu imekwisha kufikia mwisho wa maisha yake. Ua hudumu miezi, kisha mmea mama huanza kukauka taratibu baada ya kutoa watoto ubavuni. Hakuna aliyeuua. Watenge watoto wakifika theluthi ya ukubwa wa mama, na hao ndio watakaojenga majani kwa mwanga wa nyumba yako. Maji ya kikombe cha katikati yamwagwe na kubadilishwa kila wiki. Nairobi si Trinidad, lakini mbu hawachagui chombo.

Kwa nyumba ambazo kweli hazina jua, ushauri wangu ni kuachana na bromelia na kurudi nyumbani. Sansevieria, ambayo Kenya ina spishi nyingi za porini, hasa nyanda kavu kama za Tsavo, hutumia ujanja uleule wa usiku uliovumbuliwa na nanasi upande wa pili wa bahari, bila undugu wa karibu baina yao. Huvumilia korido kuliko mimea mingi ya kitaluni. Haitakua, lakini haitakufa haraka, na ikipata likizo ya mwezi mmoja roshanini kila baada ya miezi michache itatoa jani jipya la heshima. Mshubiri hauna subira hiyo. Ukiwa gizani hulegea na kuanguka, na ukiwa juani hugeuka hudhurungi, rangi ambayo wengi huiona ni ugonjwa na kuurudisha gizani tena.

Nanasi la paani nalo lina mwisho wake. Nairobi ni baridi kwa nanasi kuliko Malindi, kwa hiyo miaka miwili au zaidi itapita kabla ya kishungi kuwa mmea wa kuzaa. Ukifika hapo na haujatoa ua, unaweza kuhimizwa kwa gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda yanayoiva. Zamani watu walifunga mmea ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na ndizi mbivu. Tangu mifuko ipigwe marufuku Agosti 2017, ndoo iliyopinduliwa juu ya mmea hufanya kazi ileile kwa siku chache. Baada ya miezi miwili au mitatu, kitovu cha mmea huanza kuwa chekundu, na miezi kama sita mbele yake ni tunda. Wa kichochoroni, kwa majani yake membamba, unaweza kuhimizwa hivyohivyo na ukatoa kitunda cha ukubwa wa ngumi, maana tunda hujengwa kwa kile majani yalichoweka.

Linalobaki ni la kijamii. Nanasi, tofauti na ndizi au embe, halizidi utamu likishachumwa. Lazima liivie shinani. Paani pana ufunguo ambao keateka humpa kila anayekwenda kuanika nguo, na harufu ya nanasi lililoiva hufika ghorofa ya tano. Mwenye mkebe ana hiari ya kulichuma wiki mbili mapema likiwa chachu, au kulala paani.